Mheshimiwa Tuhumu

Ipo nchi moja, na naamini bado ipo kwa kuwa hakuna ofisa aliyekubali kubeba lawama ya kuifuta, ambako barua zote za serikali ziliandikwa kwa Kiingereza. Nani aliamuru hivyo haikujulikana. Watu walisema Kiswahili sokoni, msikitini, kanisani na kitandani, na Rais mwenyewe alikuwa akiwafokea kwa Kiswahili. Lakini mtu akitaka kuomba kaburi la mama yake lisipitiwe na barabara, ilimbidi aombe kwa Kiingereza, na ofisa, ikitokea akajibu, alijibu kwa Kiingereza, na kati yao hakuna aliyekuwa na hakika na kilichoandikwa. Hali hiyo ilileta amani kubwa.

Mwalimu Perpetua Ngaiza alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa na hakika. Alifundisha Kiingereza katika sekondari ya wasichana mpaka alipostaafu, na kwa miaka mingi aliongoza usahihishaji wa mitihani ya taifa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi wake waliendelea kuiogopa hata walipokuwa na wajukuu. Hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa na mdogo wake, Leokadia, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamwozesha. Leokadia alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mnene, mcheshi, na alianza kucheka kabla hajafika sehemu ya kuchekesha, hivyo vichekesho vyake vingi havikupata kumalizika.

Leokadia aliposhikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza alipelekwa hospitali ya wilaya. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, daktari akaamua apasuliwe. Alasiri ile mvua kubwa ilinyesha na umeme ukakatika, kama ulivyokatika kila mvua ilipotishia kunyesha. Daktari akaagiza jenereta iwashwe. Muuguzi alikimbia kibandani, akarudi na habari kwamba kibandani hamna kitu. Jenereta ilikuwa imechukuliwa asubuhi na Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Ladislaus Mabenga, ikapelekwa nyumbani kwake, kwa maana siku hiyo alikuwa anamwozesha binti yake na bendi ilikuwa na magitaa ya umeme. Daktari alimalizia kazi kwa mwanga wa simu ya mkunga. Leokadia hakuamka, na mtoto hakulia.

Harusi ilifana sana. Rais alihudhuria. Katika hotuba yake alisema amezunguka nchi nzima wakati wa masika na hapo tu ndipo alipoona taa zinawaka. Kabla ya mwezi kuandama, Mabenga aliteuliwa kuwa Waziri wa Barua na Nyaraka, kwa kutambua uwezo wake wa kuhakikisha kwamba mambo hayakatiki.

*

Perpetua alizika, akakaa matanga, akawashukuru waliokuja. Kisha akaanza kutafuta mtu wa kusema neno moja tu, nalo ni "mimi".

Alikwenda kwa mganga mkuu, akaambiwa jenereta ni suala la stoo. Mtu wa stoo akasema stoo hutunza kilichomo, na jenereta haimo. Akamwandikia Mabenga barua fupi, akaweka jina lake juu na jina la Leokadia katikati. Barua ilirudi haijafunguliwa, imegongwa muhuri wa kusema kwamba mpokeaji hahusiki.

Katika ofisi ya wilaya alimkuta karani mmoja mpole aliyemwonea huruma. Akamweleza kwamba kuandika jina la mtu juu ya barua ya malalamiko ni utovu wa adabu, na kwa wakubwa ni karibu na uhaini. Namna ya heshima ni kuanza kwa maneno To Whom It May Concern, yaani kwa yeyote ambaye jambo hili linaweza kumhusu.

Perpetua aliyajua maneno hayo kuliko alivyojua sala za jioni. Alimwambia karani kwamba kwa miaka yote aliyofundisha, kanuni ilikuwa moja tu. Maneno yale huandikwa pale ambapo mwandishi hamjui anayemwandikia. Ukimjua kisha ukayatumia, umekosa, unapunguziwa alama.

"Na mimi namjua," alisema.

Karani akainamisha kichwa. Alisema kwa unyenyekevu kwamba hapo ndipo penye tatizo la Mwalimu. Kujua hakuruhusiwi.

Basi nchi nzima iliandika hivyo. Waliochomewa mabanda, waliopotelewa na watoto mikononi mwa polisi, walioangukiwa na daraja jipya, wote walianza kwa maneno yale yale. Na kwa kuwa wengi hawakuwa na Kiingereza, katika To Whom masikio yao yalisikia "tuhumu", wakaona ni neno zuri na la haki. Mtu akiulizwa anakwenda wapi alijibu kwamba anapeleka tuhumu yake posta. Wizara nayo ilikuwa na kanuni kwamba barua ya aina hiyo itafunguliwa na anayehusika peke yake. Hivyo kila ofisa aliyeishika aliishika kwa ncha za vidole na kuipitisha mbele, kwa sababu kufungua kungekuwa kukiri. Mwisho wa safari zilitupwa katika ghala nyuma ya Posta Kuu, na mlango ukafungwa kwa kusukumwa na watu wenye mabega mapana.

Perpetua naye aliandika ya kwake, akajipunguzia alama moyoni, akaitia kwenye sanduku.

*

Masika yaliyofuata ukuta wa ghala ulipasuka. Barua ziliteremka barabarani kama mto wakati msafara wa Rais ukipita pamoja na mgeni kutoka ng'ambo. Gari la Rais likakwama kwenye bahasha hadi magurudumuni. Moja iliganda kwenye kioo, mgeni akaisoma, kisha akauliza kwa upole kama huyu Bwana Whom ni mtu maarufu hapa nchini, maana anaandikiwa sana.

Rais hakujua, na hakuwa na mazoea ya kutojua. Aliita Baraza la Mawaziri jioni ile ile.

Waziri wa Ulinzi alisema anashuku kwamba Whom ni mamluki. Waziri wa Fedha akasema mtu mwenye barua nyingi hivyo bila shaka ana biashara, na halipi kodi. Waziri wa Utamaduni alikumbuka kwamba alipokuwa masomoni alisikia jina hilo, ni la ukoo wa kifalme. Mabenga, ambaye barua zilikuwa za wizara yake, alikuwapo. Alikuwa amekunja uso kwa wivu. Mtu gani huyu anayeandikiwa na nchi nzima? Hata Rais haandikiwi hivyo. Yeye mwenyewe, akiwa waziri, alikuwa amepata barua moja tu ya jina lake, na akairudisha.

Wakaamua atafutwe mtaalamu. Jina la Perpetua Ngaiza lilikuwa chini ya vyeti vyao vyote, vile vya halali, kwa hiyo ndiye aliyeitwa.

Aliingia wizarani na mkoba, na ndani ya mkoba, chini ya kitambaa cha kichwa, alikuwa ameweka kisu cha jikoni. Hakuwa amepanga sana. Alijua tu kwamba hangeweza kuingia chumba kimoja na mtu yule mikono mitupu. Mabenga alimpokea kwa bashasha, akamwagizia chai. Hakumtambua. Jina lile halikumgusa popote, kwa kuwa barua hakuifungua.

"Mwalimu," alisema baada ya mlango kufungwa, "hebu nieleze. Huyu Whom ni nani?"

"Ni yule ambaye jambo linaweza kumhusu, Mheshimiwa."

"Jambo lipi?"

"Lolote lililoandikwa."

Mabenga alisogeza kiti. "Maana waziri anahusika na wizara yake tu."

"Ndivyo."

"Na huyu?"

"Huyu hana mpaka."

Akauliza kama nafasi hiyo ina mtu kwa sasa. Perpetua alijibu kwamba kwa kadiri aonavyo, tangu uhuru hajajitokeza hata mmoja. Akauliza kama mzalendo anaweza kuishika, akajibiwa kwamba sarufi haikatazi. Akauliza kwa sauti ya chini kama mtu huyo husimama mbele au nyuma ya Waziri Mkuu. Perpetua akasema hajawahi kusoma barua yenye uzito ambayo haikumtanguliza.

Hakusema uongo hata kidogo. Alikunywa chai yote, na moyo wake, uliokuwa ukimdunda tangu msibani, ukatulia. Kisu alirudi nacho nyumbani akakatia vitunguu.

*

Cheo kilianzishwa kwa sheria iliyopita siku moja. Kiliitwa Yule Ambaye Jambo Linaweza Kumhusu, na mtu wa kwanza kukishika alikuwa Mheshimiwa Ladislaus Mabenga. Alishonewa joho lenye mabega ya dhahabu. Perpetua alipewa kazi ya kumkaririsha kiapo, nacho kilikuwa maneno matatu tu ya Kiingereza yenye maana ya "linanihusu". Alimsahihisha matamshi asubuhi na jioni bila kuchoka, mpaka maneno yale yakawa yanamtoka hata akipiga chafya.

Mawaziri wenzake walimuunga mkono kwa upendo uliomshangaza. Waziri wa Ujenzi, yule wa daraja jipya, alipendekeza mamlaka ya mheshimiwa yarudi nyuma yafunike na miaka iliyopita. Waziri wa Elimu, ambaye shule zake hazikuwa na mapaa, akapendekeza yasiweze kufutwa kamwe. Baraza zima likatia sahihi, pamoja na kanuni mpya za uandishi kwamba anayetajwa katika barua yoyote ya mheshimiwa apelekewe nakala yake. Mabenga alilia. Hakujua kama walikuwa wanampenda kiasi hicho.

"Ndugu wananchi," alihutubia uwanjani, "kwa muda mrefu mmeandika na hamkupata wa kumwandikia. Leo nimepatikana. Kikubwa kinanihusu. Kidogo kinanihusu. Kilichopita kinanihusu, na kisichozaliwa kinanihusu tumboni mwa mama yake."

Umati ukapiga makofi. Perpetua, aliyekuwa jukwaani kama mtaalamu, aliuma meno mpaka taya likamuuma.

Siku ya pili barua zikaanza kufunguliwa. Makarani walizisoma uwanjani kwa vipaza sauti. Ilisomwa ya daraja, ikasomwa ya darasa lililowafukia watoto, ikasomwa ya makaburi yaliyolimwa, na kila moja iliishia kwa kuomba anayehusika awajibike. Watu wakatazamana. Wakamtazama mwenye joho. Mheshimiwa Tuhumu, walimwita, na safari hii walijua wanachosema. Mawaziri nao wakapanga foleni na bahasha zao, wakilalamika kwa uchungu juu ya mambo waliyoyafanya wenyewe. Rais aliandika kuhusu ukame na kuhusu goti lake.

Mwanasheria Mkuu hakuwa na kazi ngumu. Mshtakiwa alikuwa ameapa hadharani.

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa sinema, kwani mahakama haikutosha. Barua ilisomwa, jaji akauliza kama jambo hilo linamhusu, na mshtakiwa, kwa mujibu wa kiapo, alikuwa na jibu moja tu. Kuhusu daraja alipiga kelele kwamba hajawahi kufika kule. Jaji akamkumbusha kwamba kiapo hakikutaja kufika.

Perpetua alikaa safu ya mbele. Siku za kwanza alifurahi, sitaki kumsingizia utakatifu. Alimtazama mtu yule akisinyaa ndani ya joho lake, akajisikia kama aliyekata kiu. Lakini ikafika barua yake. Karani aliisoma mbio mbio, kati ya mafuriko na mbuzi aliyepotea, na jina la Leokadia akalikosea. Mabenga alikuwa anafuta miwani. Alisema "linanihusu" bila kuinua kichwa, karani akachukua bahasha nyingine, na jambo likawa limekwisha.

Perpetua alihisi ameibiwa mara ya pili. Mtu huyu alikuwa amelilia daraja ambalo hakulivunja, na kwa Leokadia hakuacha hata kufuta miwani. Na viti vichache kutoka pale alipokaa, Waziri wa Ujenzi alikuwa amelala usingizi wa mtoto mchanga, mdomo wazi.

Ulipofika wakati wa hukumu jaji alitatizika. Kwa makosa yale hakukuwa na kifungo cha kutosha duniani. Akamuuliza mtaalamu, kama ana la kusema, desturi ya barua inatakaje. Perpetua akasimama.

"Barua inataka jibu," alisema. "Anayejibu hawezi kusema hamjui anayemwandikia, kwa hiyo ataanza kwa jina la aliyelalamika. Ataeleza kilichotokea na nani alikifanya. Ataweka jina lake mwenyewe mwisho. Naomba afanye hivyo kwa kila barua, na naomba nisahihishe mimi."

Mawaziri hawakuona hatari yoyote katika sarufi. Wakapiga makofi.

*

Mabenga alifungiwa katika ghala lililokarabatiwa, akapewa meza, karatasi, na dirisha dogo la nondo. Barua ya kwanza aliyopitishiwa ilikuwa ya Leokadia.

Alijibu kwa Kiingereza kwamba barua yake imepokelewa na suala linashughulikiwa. Perpetua akaichora kwa wino mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akamwambia aandike kwa Kiswahili, huko hatapata pa kujificha. Akaandika, "Jenereta ilichukuliwa." Pembeni Perpetua akauliza, na nani? Akaandika kwamba ilichukuliwa na uongozi wa wilaya. Perpetua akauliza kama uongozi una mikono. Akaandika kwamba kulitokea uchukuaji wa jenereta kutokana na mahitaji ya kijamii. Hiyo alipata sifuri, na siku ile hakupata chakula cha jioni mpaka aliponakili upya, kwa sababu msahihishaji alikuwa na ufunguo wa jiko.

Alikonda. Ndevu zikamjaa. Asubuhi moja alishika nondo za dirisha.

"Mwalimu, niambie tu unachotaka niandike. Nitaandika."

"Nataka sentensi yenye mtendaji."

"Nimeandika kila namna."

"Kuna namna moja hujaijaribu," alisema Perpetua, akamrudishia karatasi.

Mabenga alikaa na karatasi ile mpaka adhuhuri. Alipoitoa dirishani hakumtazama. Perpetua alikwenda kuisomea kwenye ngazi za posta.

"Dada Perpetua. Mimi Ladislaus Mabenga nilichukua jenereta ya hospitali ili bendi ipige kwenye harusi ya binti yangu. Mdogo wako Leokadia alikuwa anapasuliwa. Alikufa gizani yeye na mtoto wake, na mimi ndiye niliyewaua. Daktari alimtuma mtu kuja kuiomba jenereta wakati Leokadia bado yuko hai. Nilimwambia asubiri wimbo uishe."

Sentensi mbili za mwisho Perpetua hakuwa akizijua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu alitumwa. Alizisoma tena na kalamu mkononi, akitafuta kosa, hata nukta iliyokaa vibaya. Hakuliona. Alilia pale kwenye ngazi kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, watu wakimpita wameshika bahasha zao.

Kisha akajipangusa, akaandika alama zote, ambazo hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote, akarudi dirishani. Mabenga aliziona, akauliza kama sasa imekwisha, kama anaweza kwenda nyumbani.

Perpetua akampitishia barua ya daraja.

*

Mtu akishajua kuandika vizuri hawezi kulisahau jambo hilo kwa urahisi. Mabenga alijibu barua ya daraja kwa sentensi zenye watendaji. Aliandika kwamba yeye hakulijenga, ila Waziri wa Ujenzi aliuza saruji na kuweka mchanga, na kwamba yeye alikuwepo waziri aliposimulia, akacheka, akaongezewa pilau. Jibu likaenda kwa mjane aliyeandika kuhusu daraja hilo. Nakala, kwa mujibu wa kanuni iliyotiwa sahihi na Baraza zima, ikaenda kwa aliyetajwa, jina lake kamili juu ya bahasha.

Waziri wa Ujenzi aliirudisha kwa muhuri wa kutohusika. Lakini mjane alikuwa na yake, na majirani wa mjane walijua kusoma, na kufikia Jumapili walikuwa wamejaa getini kwa waziri, kimya, kila mmoja ameshika karatasi. Walinzi waliangalia karatasi zile. Mmoja wao alikuwa na kaka aliyekuwa juu ya daraja. Akafungua geti.

Baada ya hapo barua ziliendelea kutoka ghalani kila siku. Waziri wa Elimu alipata ya kwake, na wa Fedha, na yule wa Utamaduni aliyekuwa amesoma ng'ambo. Katika ghala ziliongezwa meza. Rais alisafiri kwenda kutibiwa goti na mpaka sasa anaendelea vizuri huko huko.

Watu wema, wakiwemo maparoko wawili, walimfuata Perpetua kumshauri kwamba kisasi hakimpi mtu raha. Aliwasikiliza kwa heshima, akawapa chai. Akawaambia huenda ni kweli kwa wengine, ila yeye kimempa, na siku hizi analala vizuri. Kisha akawaomba radhi, maana alikuwa na rundo la kusahihisha, na Waziri wa Ujenzi bado alikuwa anaandika kwamba daraja lilianguka.